Sauti Iliyosema "Nimezima" Ilikuwa Yangu

Mimi ndio nilisema. Si Nekesa. Nimeanza na hapo kwa sababu nikizunguka nitapotea, na mimi kuzunguka najua kushinda mbwa ya sokoni.

Nekesa ni mjukuu wangu, mtoto wa kijana wangu wa kwanza. Hilo si jina lake. Nimemficha, kwa sababu nimemharibia ya kutosha. Mimi niite kukhu, niite nyanya, vile unataka. Tunakaa nje ya Kitale, barabara ya kuenda Kachibora, lakini nyumbani kwetu kabisa ni Bungoma. Sikusoma. Kuna mtu ananiandikia hapa, na nimemwambia aandike vile natoa, asininyooshe.

Kitu Mungu alinipa ni sauti. Si ya kuimba, woi! Kanisani nikianza wimbo hata mchungaji anafunga macho mapema, anaomba niishe. Mimi nilipewa sauti za watu wengine. Nikikusikia mara mbili, nimekushika.

Chifu wetu je? "Wananchi, mimi kama chifu, narudia kwa mara ya mwisho, na kesho nitarudia tena!" Chairman wa kikundi ya maziwa, mzee wa watu wa Central, amezaliwa hapa hapa Kitale lakini ulimi ilikataa kuhama: "Mama, hii maziwa umeweka maji, ama ng'ombe ilinyeshewa na mbua?" Na ndugu zangu wa Bungoma nao siwaachi: "Reo tunakura ugari mpaka sahani irie!" Hata mimi nikikasirika hizo herufi zinabadilishana viti mdomoni.

Asubuhi pale tunapeleka maziwa, wamama wakiwa kwa laini na mitungi zao, ilikuwanga ni, "Kukhu, tufanyie chifu! Kukhu, tufanyie yule wa kupima maziwa!" Nafanya. Wanacheka mpaka mtu anamwaga. Siku yenye sikuenda walikuwa wanauliza kama niko mgonjwa. Na mimi nilipenda hiyo. Wacha niseme ukweli, nilipenda sana.

Sasa huyu Nekesa. Alisoma mpaka hesabu ikamwogopa. Akarudi nyumbani na mashine, yeye na watu wa chuo, ati wajaribu kwetu kwa sababu tuko na ng'ombe na ile shimo ya gesi ya kinyesi. Akaniketisha chini.

"Kukhu, hii inaitwa plazima?"

Ujue Nekesa anaongea na pua kidogo, na mwisho wa maneno sauti inapanda kama anauliza, hata kama haulizi. "Kukhu, nimetoka? Naenda tauni? Nitarudi?" Nikamwambia, "Plazima ni ugonjwa ya wapi?"

"Si ugonjwa, Kukhu! Ni kama radi. Karadi kadogo, tunakafungia ndani ya bomba ya glasi."

"Radi? Kwa boma yangu? Unataka nikufe kabla sijaona bwana yako?"

Alicheka. Kwetu kukhu na mjukuu ni watani, hakuna kukasirikiana. Mimi namwita mke mwenza, yeye ananiambia nimezeeka kushinda jembe. Ndio desturi. Basi akanieleza polepole. Ati hiyo gesi ya kinyesi iko na gesi mbili ndani. Zote mbili zikipanda juu zinafunika dunia kama blanketi nzito, ndio unaona joto inazidi na mvua inapotea wakati ya kupanda. Sasa hapo kwa bomba kuna vyuma mbili. Umeme ya kutoka kwa sola inaruka katikati yao, inawaka zambarau, haizimi. Gesi ikipita hapo inararuliwa vipande, inajengwa upya, inatoka ingine yenye inaweza kuendesha jenereta.

"Kukhu, ile jua ya mchana tunaiweka ndani ya gesi? Stima ikipotea jioni, bado maziwa inapoa?"

Hapo ndio nilielewa. Sisi maziwa ya asubuhi inaenda, ya jioni inalala, na kama stima imepotea inaamkia kumwagwa. Kila mama wa hapa amemwaga maziwa akilia. Na huyu msichana wangu alikuwa anataka tusimwage.

Na ilifanya kazi! Miezi mingi ilifanya. Chairman alikuja akaweka mkono kwa tangi ya maziwa, akasikia baridi, akasema, "Ngai! Imetoka kwa mavi?" Nikamshika hiyo siku hiyo hiyo. Wamama walicheka wiki nzima.

Kulikuwa na mwanaume anasaidia Nekesa, anaitwa Barasa, pia nimebadilisha. Fundi wa kuchomelea, mtu mzima, bibi yake na watoto wako Bungoma. Mtu mpole. Mashine ilikuwa kwa kibanda ya ng'ombe ya zamani, swichi kubwa ilikuwa kwa stoo, ng'ambo ya uwanja. Sasa hiyo karadi inatoa masizi, nyeusi kama ya sufuria, inashika kwa zile vyuma. Kila siku kabla ya chakula ya mchana lazima wafungue kifuniko, wakwangue. Na huwezi fungua kama umeme iko. Kwa hivyo walikuwa na njia yao. Nekesa anaenda stoo, anazima, anapiga kelele, "Nimezima! Fungua!" Barasa kutoka kibanda anajibu, "Nafungua!" Ndio anafungua. Siku zote. Taa ya kuonyesha kama umeme imeisha ilikuwa imeagizwa, haijafika. Walikuwa wanategemea hiyo kelele.

Na mimi nilikuwanga hapo katikati, kwa baraza, na ungo yangu ya maharagwe. Nasikia kila siku. Unafikiri ilinichukua muda gani kuishika?

Nilianza na chai. "Barasa? Chai iko tayari?" Hivyo, na pua, na mwisho inapanda. Barasa akatoka mbio na mikono nyeusi, akapata ni mimi na maharagwe. Alicheka huyo mtu! Alishika ukuta. "Kukhu, hii mdomo yako ifungwe kamba ya ng'ombe!" Kesho yake nikamwita tena, akatoka tena. Siku ya tatu hakutoka, na kumbe siku hiyo ni Nekesa mwenyewe alikuwa anaita, chai ikapoa. Hiyo nayo tulicheka.

Lakini Nekesa hakucheka yote. Jioni alikuja akaketi kwa kile kiti changu kidogo, magoti karibu na masikio.

"Kukhu, cheza na yote. Chai, ugali, hata chifu. Lakini ile ya kuzima wacha. Hiyo si maneno ya kuongea. Hiyo ni kufuli."

Nikamjibu kwa sauti yake mwenyewe, "Sawa? Nimesikia?"

Akacheka, akanisukuma bega, akaenda. Umeona? Nilikubali, lakini si kwa sauti yangu. Hapo hapo shetani aliona mlango iko wazi.

Ile siku mahindi ilikuwa imefika magotini. Jua kali. Niliona Nekesa anatoka kibanda anaenda stoo, nikajua anaenda kuzima. Na kitu ikanijia kichwani. Nikasema, wacha nimtangulie. Niseme mimi kwanza, Barasa ajibu, halafu Nekesa aseme yake, Barasa ashangae ni Nekesa wangapi wako hii boma! Nilishaona vile nitawasimulia wamama kesho. Nilikuwa nimeshaanza kucheka, ungo inatingika kwa mapaja.

Nikasema. "Nimezima! Fungua!"

Barasa akajibu, "Nafungua!"

Nikangoja Nekesa aseme yake. Hakusema. Woi, hakusema! Simu ilikuwa imemwita kwa mlango ya stoo, akasimama hapo anaongea, kidole kwa sikio ingine kwa sababu ya kelele ya pampu ya maji hapo. Hakunisikia. Swichi alikuwa bado hajaigusa.

Haikulia kama bomu. Ililia kama mtu amerarua shuka kubwa mara moja. Halafu mwangaza. Halafu Barasa.

Siwezi kukufanyia hiyo sauti. Naijua. Hiyo ndio moja sitawahi kufanya mpaka niingie udongo.

Nekesa aliingia stoo, akazima, akanipita mbio, simu bado mkononi, mtu huko ndani anasema haro, haro. Akaingia kibanda. "Maji! Kukhu, maji!" Nilibeba. Ndoo ya kwanza, ya pili, ya tatu, sikujua kama bado niko na nguvu hiyo. Tulimmwagia uso na mikono. Alikuwa amenyoosha mikono mbele kama mtu amebeba sufuria ya moto hajui ataweka wapi. Macho alikuwa amefunga, hakufungua.

Gari ya maziwa ndio ilimpeleka hospitali. Nekesa alikuwa amemshika kichwa kwa mapaja. Na Barasa, na hiyo uchungu yote, akamuuliza, polepole, "Nekesa, si ulisema umezima?"

"Sikusema."

"Ulisema. Ulisema fungua. Nimesikia."

"Barasa, haki ya Mungu, sikusema."

Na mimi nimeketi hapo nyuma, beseni ya maji kwa mapaja, maji inaruka ruka na mashimo ya barabara, nimenyamaza. Ningesema hapo ingekuwa imeisha. Neno moja tu. Mimi mwenye maneno ya kijiji nzima, sikupata langu moja!

Wakafanya mkutano, kule tunapeleka maziwa asubuhi. Watu wa chuo walikuja na makaratasi. Walisema hata hiyo kutegemea kelele peke yake ilikuwa makosa, lakini walitaka kujua nani alipiga kelele. Walikuwa wamemrekodi Barasa hospitali, wakaweka simu kwa meza. Sauti yake imechoka: "Ni Nekesa. Nimefanya kazi na yeye muda mrefu. Sauti yake naijua."

Chairman akauliza, "Na hapo nyumbani kulikuwa na nani mwingine?"

"Kukhu peke yake," Nekesa akasema.

Mama mmoja kutoka nyuma akasema, "Au ni Kukhu alimfanyia Nekesa!"

Watu wakacheka. Kidogo, kile kicheko ya mkutano. Nikasema, sasa imefika.

Na nani alinitetea? Nekesa! Alisimama. Alikuwa amekasirika sana. "Hapana. Kukhu anacheza, lakini si na hiyo. Nilimwambia, na alikubali. Msiweke Kukhu kwa hii maneno."

Wakaomba msamaha. Chairman mwenyewe: "Mama, tusamehe, ni mzaha." Na mimi nikainamisha kichwa kama mtu ametukanwa. Nikafuta macho na leso. Nilifanya hiyo! Hiyo nayo ilikuwa mchezo, na nilicheza vizuri kushinda zote.

Ungefikiri hapo ndio chini kabisa. Bado.

Siku mbili baadaye nilikuwa jikoni napika mboga. Nekesa akaingia, akakaa karibu na moto. Hakuwa amekula. Akasema, na safari hii sauti haikupanda mwishoni, ilishuka:

"Kukhu, labda nilisema."

"Ulisema nini?"

"Nimezima. Labda nilisema nikiwa njiani, kabla sijafika. Nilikuwa nafikiria mambo ingine. Labda nilisema na nikasahau. Barasa hawezi danganya. Kama Barasa hadanganyi, basi ni mimi."

Aliniangalia. Alikuwa ananingoja. Alitaka nimwambie, hapana, mtoto wangu, hukusema. Na mimi peke yangu kwa dunia nzima ndio nilijua hakusema.

Nikamsugua mgongo. Nikasema, "Pengine ulisema, mama. Ulikuwa umechoka."

Soma hiyo tena. Barasa nilimchoma bila kutaka. Lakini hii nilifanya nikiwa na akili yangu, na mkono wangu kwa mgongo yake.

Akalia, akakubali. Kesho yake akaenda akaandika kwa karatasi ati ni yeye, akaweka sahihi. Watu wa chuo wakafungua mashine kipande kipande, wakafunika na turubai, wakabeba. Nekesa akaenda Lwakhakha kwa shangazi yake, kuuza mitumba hapo mpakani. Msichana wa kufunga radi kwa bomba anapanga sweta za watoto! Simu akawa hashiki sana. Akishika anasema, "Niko sawa, Kukhu," anakata.

Maziwa ya jioni ikaanza kumwagwa tena. Wamama kwa laini wakawa wanasema, "Huyo msichana alituangusha." Na halafu, "Kukhu, tufanyie chifu." Nilikuwa nawaambia koo inauma. Mahindi ikapanda ikapita kichwa, ikaweka mbelewele, ikaanza kukauka. Mimi na koo yangu.

Kitu ilinivunja ni kuku.

Bibi ya Barasa alitoka Bungoma mpaka kwangu, na jogoo mwekundu kwa kikapu. Sikuwa nimemjua vizuri. Nikafikiri amekuja kutukana Nekesa. Kumbe!

"Mulembe, Kukhu. Nimekuja kukushukuru."

"Kunishukuru nini, mama?"

"Maji. Daktari alisema kama si hayo maji ya haraka, uso yote ingeenda. Bwana yangu akasema nisikae bila kukuletea kuku."

Wewe kama ni wa kwetu unajua kuku ni nini. Kuku unapewa wewe kama mtu wa heshima. Nikashika hiyo jogoo na miguu, inapiga mabawa, na huyo mama anatabasamu, amechoka na safari. Akaniambia Barasa jicho ya kushoto imekataa, ya kulia inaona mwangaza na kivuli. Vidole vya mkono moja vimeshikana. Kushika chuma ya kuchomelea hawezi tena. Na akasema, "Hata huyo Nekesa tunaomba tumsamehe. Bado ni ngumu, lakini tunaomba."

Hiyo jogoo sikuichinja. Niliifunga kwa mguu ya meza, ikaniangalia. Kulipokucha nikaiweka kwa kikapu, nikaenda Bungoma.

Barasa alikuwa ameketi nje, kofia imeshuka usoni. Aliposikia ni mimi akafurahi! "Kukhu! Karibu, karibu! Watoto, leteni kiti, leo tutacheka. Kukhu, anza na chifu."

"Leo nimekuja na moja tu," nikasema.

"Ya nani?"

Bibi yake alikuwa mlangoni, ameona jogoo, hajaelewa. Nikavuta pumzi. Nikatoa:

"Nimezima! Fungua!"

Ile mkono yake mbaya ikaenda mbele yenyewe. Ilienda hewani, kutafuta kifuniko. Halafu ikasimama hapo.

"Rudia," Barasa akasema.

Nikarudia.

"Tena."

"Barasa, tafadhali..."

"Tena, Kukhu!"

Nikasema mara ya tatu, nikilia. Akashusha mkono, akauweka kwa goti. Nilifikiri atanipiga. Ningeshukuru. Yeye akasema tu, "Nilimlaani huyo msichana. Hospitali, mbele ya watoto wangu. Nilisema asizae na mikono yake isishike kitu ikakaa. Kukhu, nililaani mtu hana makosa."

Unajua laana kwetu si maneno ya hewa. Mtu akikulaani bure, inarudi kumtafuta yeye. Nilikuwa nimemchukulia jicho, na sasa hiyo pia nilikuwa nimemwekea.

Bibi yake ndio alipata mdomo. "Toka. Toka kwa boma yangu! Na hiyo jogoo iache hapo, yenyewe haina makosa."

Nikatoka.

Siku ya kikundi kukutana nikaomba nafasi. Nikasema yote. Unafikiri waliamini? Wengine walicheka, wakafikiri nimewaletea mchezo mpya! Chairman akatingisha kichwa: "Mama, wewe unatetea ndamu yako. Tunaelewa." Hiyo ndio mshahara ya mtu wa mzaha. Siku analeta ukweli, hakuna mwenye kuipokea.

Nikawaambia, geukeni muangalie ukuta. Wote. Wakageuka, wengine bado wanacheka. Nikasema hayo maneno mawili. Na nikaona chairman mwenyewe amegeuza shingo mbio kuangalia mlango, kuona kama Nekesa ameingia.

Hakuna mtu alicheka tena. Walichukua mitungi yao, mmoja mmoja, wakatoka. Yule mama wa kusema mzaha siku ya mkutano ndio alibaki. Akaniambia, "Kukhu, na alikutetea." Akaenda.

Watu wa chuo wanajua sasa. Walisema ile karatasi ya Nekesa wataitupa, na wataandika ingine. Walisema mashine iko mahali pengine, labda itarudi, labda hapana. Walimpigia. Barasa pia alimpigia, nasikia waliongea muda mrefu, akaondoa laana kwa simu, na akasema Nekesa akirudi ataondoa tena macho kwa macho, na hiyo jicho moja yake. Nekesa hajarudi.

Mimi nilimpigia wa mwisho. Niliogopa. Alishika.

"Nekesa, ni kukhu."

Nikasikia kelele ya sokoni huko Lwakhakha, watu wanaitana bei, pikipiki. Halafu akasema:

"Kukhu, unajua mimi nafungaje mlango siku hizi? Nafunga. Naenda hatua kumi. Narudi naangalia. Naenda. Narudi tena. Nikiweka chai kwa moto nakaa hapo naiangalia mpaka iishe, kwa sababu siamini kama nitakumbuka nimeiweka. Nimekaa miezi hii yote nikijua kichwa yangu si mzima. Na wewe ulikuwa unajua iko mzima."

"Ndio."

"Ulinisugua mgongo."

"Ndio, mama. Nisamehe."

Nilisema hiyo nisamehe kutoka chini kabisa. Haikuwa ya chifu, haikuwa ya mchungaji, haikuwa yake. Ilitoka imekwaruza, nyembamba, kama mlango ya zamani. Hata mimi ilinishtua.

Halafu akauliza, na haikuwa ya kunitania, alikuwa anauliza kweli:

"Hiyo ni sauti ya nani?"

"Ni yangu."

"Siijui," akasema. Akakata.

Bado napiga. Siku zingine anashika, hasemi, ananisikiliza tu. Mimi naongea. Namwambia ng'ombe imezaa, namwambia mvua. Naongea na hiyo sauti yangu mbaya tu, labda siku moja ataizoea.

Wewe umesoma mpaka hapa, sikia mimi mzee. Mzaha si dhambi. Lakini kuna maneno ingine watu wameweka maisha yao juu yake, kama vile mtu anakanyaga ubao juu ya shimo. Hiyo usichezee, hata kama unaijua vizuri kushinda mwenyewe.

Na kama saa hii kuna mtu anabeba makosa yako, na wewe umenyamaza ati unangoja wakati mzuri, hakuna wakati mzuri! Inuka uende. Nenda kabla hajaanza kuamini kwamba ni yeye.